Gari Lililokunywa Miwa ya Shangazi

São Joaquim, Santa Catarina
Tarehe 20 Aprili, 1980

Shangazi yangu mpenzi Otília,

Shikamoo, na uninyooshee mkono wa baraka kutoka huko Pernambuco, hata kama ni kwa kupitia posta. Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kuudhi watu. Tangu harusi ya Februari sijanuna hata mara moja, mpaka jirani ameniuliza kama meno yananiuma, maana midomo yangu haifungi. Adelar anakusalimu sana. Ninapoandika hapa amekaa ng'ambo ya meza akijifanya anasoma gazeti, lakini nikifika kwenye jina lake anajua tu. Ameinua macho sasa hivi! Shangazi, macho yale! Basi, nimeharibu mstari, nisamehe doa la wino.

Nyumba yetu ni ya mbao, iko juu ya kilima, na upepo unaingia kwenye nyufa ukipiga mluzi kama kijana asiye na adabu. Nimejifunza kuchoma mbegu za misonobari juu ya jiko la kuni, ni tamu kama viazi vitamu vilivyosoma shule. Mwezi huu wenyeji wanavaa sweta moja. Mimi navaa tatu na shuka juu yake, natembea kama godoro lililoota miguu. Wanawake wa mtaani huniita "yule wa joto". Sioni ubaya, Adelar naye huniita hivyo hivyo, ila kwa sauti nyingine.

Sasa jambo lenyewe. Petroli imepanda tena. Tangazo likitoka redioni jioni, wanaume wote wa kilima hiki huacha sahani mezani na kukimbilia foleni kwenye kituo cha mafuta, wengine na kandambili, ili wajaze kwa bei ya jana. Na Jumamosi na Jumapili vituo vimefungwa kwa amri ya serikali, basi ukikosa Ijumaa umekosa. Wewe unajua kazi ya Adelar ni kupeleka mikate ya mzee Ervino, mwokaji, kwenye mashamba ya matufaha na ya kondoo huko milimani, alfajiri, ingali ya moto. Gari ni lile dogo la mgongo wa mviringo aliloachiwa na baba yake. Mlima mmoja tu na linameza petroli kama bwana harusi anavyomeza divai.

Basi mimi, mwanao mwenye cheti cha sekondari uliyemsomesha kwa jembe, nikapata wazo! Nilisoma gazetini kwamba injini inaweza kubadilishwa inywe spiriti ya miwa badala ya petroli, na spiriti bei yake ni nafuu sana. Nikamwambia Adelar, "Mpenzi, umeoa binti wa miwa. Gari lako nalo lioe huko huko." Alicheka, akanibusu, na kesho yake tukaenda kwa fundi Dorvalino.

Fundi alifungua injini, akachonga hiki, akapanua kile kwenye kabureta. Alitaka pia kufunga kichupa cha petroli pembeni, cha kuamshia injini asubuhi za baridi. Adelar akakataa. "Dorvalino, namkimbia petroli, halafu nimpangishie chumba ndani ya nyumba yangu?" Shangazi, nilimpigia makofi. Nilimbusu mbele ya fundi, naye fundi akatazama spana zake.

Na linakwenda! Linapita likiacha harufu ya kilabu cha pombe siku ya mshahara. Padri alimsimamisha Adelar akamnusa kola. Jirani ananiambia, "Zenaide, mumeo amepita hapa akinuka kama sherehe." Nami najibu kwamba sherehe ndiyo kwanza imeanza.

Fikiria, Shangazi: labda muwa ule ule ulioupalilia wewe kwa mikono yako ndio unaotupandisha milima hii. Nikifikiri hivyo nalia kidogo, kwa raha.

Wako mwenye furaha isiyo na adabu,
Zenaide


Riacho Fundo, Pernambuco
Tarehe 18 Mei, 1980

Mwanangu Zenaide,

Marahaba, na Mungu akubariki wewe na huyo mwenye macho. Barua yako nimeichukua dukani pale kiwandani, ikiwa imefunguka kidogo pembeni. Nadhani ni unyevu wa mvua. Mvua zimekuwa nyingi.

Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti yamejiuzulu, lakini sijapokea barua yao, kwa hiyo kila asubuhi nayalazimisha twende kupalilia miwa ya kiwanda. Bata wako wa tatu ameolewa na jogoo, au wao wanaamini hivyo. Sijawaambia ukweli kwa sababu wanapendeza. Mahindi niliyopanda Machi yamefika kifuani. Maharage yanatambaa. Mfenesi umezaa mpaka nimeweka mafenesi chini ya kitanda, nalala kama nimelala na watu.

Nyapara wa kiwanda, Amâncio, alikuja juzi. Alikuwa na kamba. Alikizunguka kishamba changu cha nyuma polepole, akiinama kwa kila tuta kama mtu anayeposa. Akasema bei ya petroli imeitia nchi wazimu, sasa nchi inataka miwa kwa ajili ya magari, na kiwanda kitapanda miwa mpaka kwenye milango ya jikoni. Nikamwambia mimi namjua mwenye gari mmoja. Hakucheka. Alikula fenesi, akanawa mikono, akaondoka. Hakusema lini.

Usihangaike. Mtu akipima si lazima achukue. Wewe mwenyewe ulipimwa magauni matatu ya harusi ukanunua moja.

Nakuuliza jambo moja tu, na mimi si fundi. Kile kichupa cha petroli, kwa nini yule fundi alikitaka? Mtu anayeishi kwa kutengeneza magari ya baridi hawezi kukitaka bure. Mwambie mumeo nimeuliza kwa upole.

Na uvae sweta ya nne.

Shangazi yako,
Otília


São Joaquim
Tarehe 12 Juni, 1980

Shangazi wa roho yangu,

Shikamoo! Tumeisoma barua yako kitandani, chini ya mablanketi yote tuliyo nayo na koti la marehemu baba mkwe. Tulicheka kuhusu bata na jogoo mpaka Adelar akasema na sisi ndivyo tunavyoonekana kwa watu. Mwambie huyo nyapara wako asante kwa niaba yetu! Nchi nzima inapanda miwa kwa ajili yetu, mwambie apande mingi, apande kabisa, kuna gari moja huku milimani linamtegemea!

Umeuliza kwa upole kuhusu kichupa. Nitakujibu kwa upole hivyo hivyo. Baridi imekuja. Si baridi ya Pernambuco ya kuvuta shuka. Hii inatoka ardhini asubuhi, nyasi zinakuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi, na maji ya kuku yanageuka kioo. Mimi nilipoyaona mara ya kwanza nilipiga magoti uani kwa uzuri wake, nikanasa. Adelar alinibandua.

Na spiriti ya miwa, Shangazi, haipendi kuamka kwenye baridi. Inafanana na mimi. Gari linakohoa, linanyamaza, linakohoa tena kama mzee wa kilabu aliyeambiwa ahesabu chenji. Kwa hiyo sasa tuna desturi yetu ya ndoa. Mimi natangulia kuamka nachemsha maji, Adelar anamwagia injini birika la kwanza, injini inatoa mvuke kama chai, kisha tunasukuma. Mimi niko nyuma na gauni la kulalia, sweta nne, buti za marehemu baba mkwe, mikono yangu kando ya mikono yake, pumzi zetu zikichanganyika hewani! Kisha mteremko unalichukua gari, naye anaruka ndani kama shujaa. Siku nyingine linawaka. Siku nyingine linafika bondeni kimya kimya na mikate yote, nami namwona mpenzi wangu kule chini, mdogo kama sisimizi, akipiga usukani.

Majirani wametuwekea viti. Kweli, wanatoka na chai yao. "Leo mmechelewa!" wanasema. "Binti wa miwa, lipulizie sikioni!" Mmoja aliniuliza kwa nini tusilinyweshe kahawa chungu, ndiyo dawa ya walevi. Wazo la miwa lilikuwa langu, nami ndiye ninayesukuma, basi nacheka kabla yao ili niwe wa kwanza.

Mzee Ervino ananuna kidogo. Wazee hununa.

Ikifika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, unilie bakuli zima la uji mzito wa mahindi mabichi na nazi, wa mahindi yako, na uniandikie ulivyokuwa, usinifiche hata kijiko kimoja. Huku hakuna mtu anayejua kuupika, na nimeota harufu yake mara mbili.

Mwanao anayesukuma kwa mapenzi,
Zenaide


Riacho Fundo
Tarehe 5 Julai, 1980

Zenaide mwanangu,

Baraka zikufikie. Mimi ni mzima.

Sikukuu ilikuwepo. Mvua iliizima mioto mapema, lakini vijana walikuwa wameshairuka na kuapishana udugu kama desturi ya siku hiyo, hata na mimi, kwa hiyo ninao sasa ndugu wapya wawili ambao sikuwaomba. Tulikula mkate wa dukani. Mkate nao ni chakula.

Salamu zako kwa nyapara zilimfikia kabla sijamfikishia. Alinishukuru.

Nyumba imepata mwanga mwingi siku hizi upande wa nyuma. Asubuhi jua linaingia mpaka jikoni, linanionyesha vumbi ambalo nilikuwa sijui ninalo. Mtu anaishi miaka yote na vumbi lake gizani kwa amani, halafu anaonyeshwa.

Kuanzia sasa barua zako uziandikie duka la dawa la Bwana Genésio, mjini. Si dukani kiwandani tena. Kwenda mjini kunanyoosha magoti.

Hujaniambia mikate inafika saa ngapi kwa wenyewe. Umeniambia kuhusu pumzi tu.

Shangazi yako,
Otília


São Joaquim
Tarehe 2 Agosti, 1980

Shangazi yangu,

Shikamoo. Adelar anakusalimu, na leo hakuna mtu anayejifanya kusoma gazeti.

Nilikuwa namsomea barua yako kwa sauti, huku nikipamba kila neno, ujue mimi huisoma sauti yako vizuri. Nikafika pale pa jua kuingia jikoni, nikasema, "Sikiliza inavyopendeza, Shangazi amepata mwanga!" Adelar akasema, "Lakini nyuma ya jiko si kulikuwa na ule mti mkubwa? Nilipigwa na fenesi kichwani siku niliyokuja kukuposa."

Shangazi, nilikaa na ile karatasi. Mfenesi hauko. Na umekula mkate wa dukani siku ya Mtakatifu Yohana, wewe ambaye hujawahi kununua mahindi tangu nikujue. Nikarudia barua yako ya Mei na ile kamba, halafu nikakumbuka niliyokujibu. "Mwambie asante. Apande kabisa." Niliandika hivyo kwa mkono wangu, na alama ya mshangao nikaweka! Cheti cha sekondari nimekitundika ukutani. Nimekigeuza kitazame ubao.

Wamechukua kishamba chote? Nyumba je? Niambie waziwazi, kwa maneno ya mtu mjinga, kwa sababu umeona mwenyewe kwamba mengine siyaelewi.

Na mimi nikuambie niliyoyafunika kwa pumzi. Mikate ilikuwa inafika saa nne, saa tano, imepoa. Mashamba yakaanza kuoka yenyewe, moja baada ya jingine. Asubuhi moja gari lilikaa bondeni mpaka mchana, na mzee Ervino akaja kwa miguu, akatazama mikate, akanitazama mimi na buti zangu, akasema, "Nani aliwapa wazo hili?" Nilinyoosha kidole juu kama darasani.

Hakumfukuza Adelar. Afadhali angemfukuza, Adelar anasema. Alimpa farasi jike, Baronesa, mzee kama mimi na Adelar tukijumlishwa, na gari la kukokotwa lenye turubai. Baba yake Adelar alisambaza mikate kwa gari hilo hilo miaka mingi, akajinyima mpaka akanunua gari la injini ili mwanawe asinuke farasi. Wiki ya kwanza Adelar alipita njia za nyuma na kofia imeshuka mpaka puani. Haikumsaidia, kwa sababu Baronesa anajua kila lango na hapiti lango bila kusimama, hata malango ya watu waliohamia mjini, hata la mjane mmoja aliyekufa. Anasimama hapo, anangoja mkate upokewe, na humwondoi mpaka ushuke, uende mlangoni na urudi.

Lakini, Shangazi, mikate inafika ya moto! Baridi kwake si kitu, anapumua tu kama birika. Petroli imepanda tena juzi na sisi hatukusikia tangazo, tulikuwa tunampiga brashi. Adelar ameanza kuongea naye. Jana nimemsikia zizini akimwambia, "Wewe ndiye mwanamke mwenye akili hapa nyumbani." Nilitoka na birika mkononi, nikasema, "Rudia." Ananipenda bado, lakini nimeona nina mwenzangu.

Gari lipo uani, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Njoo ukae nasi. Nasema kweli. Kuna chumba, kuna jiko la kuni, basi linakuja mpaka Lages, na Baronesa atakuja kukuchukua. Tafadhali.

Mwanao mwenye aibu,
Zenaide


São Joaquim
Tarehe 10 Septemba, 1980

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi na zaidi, na duka la dawa la Bwana Genésio halijanitumia kitu. Kama umekasirika niandikie kwamba umekasirika, nitaibandika ukutani mahali pa cheti. Kama ni magoti, mwambie mtu akuandikie. Kama wamechukua nyumba na hujui uandike wapi umehamia, andika hivyo hivyo bila anwani, posta ya huku inanijua, mimi ni yule wa joto.

Redio imesema kuna mikutano mashambani kwenu, watu wa miwa wanazungumza kugoma. Haikusema zaidi, ikaweka muziki.

Juzi kijana mmoja kutoka shamba la matufaha alitaka kununua gari letu. Alisikia spiriti ni rahisi kuliko petroli. Adelar alianza kumsifia rangi, nami nikamwambia yule kijana kila kitu, birika, mteremko, viti vya majirani, kichupa. Amelinunua hata hivyo, kwa sababu anahamia pwani kwenye joto. Tulilisukuma mpaka barabarani kwa mara ya mwisho na majirani walipiga makofi. Liliwaka kwa mara ya kwanza bila kukohoa. Nilitaka kulipiga teke.

Pesa zake zimo kwenye bahasha mkononi mwa dereva wa lori la matufaha anayekwenda Recife, jina lake Olívio, mtu mwaminifu. Atazishusha kwa Bwana Genésio. Si zawadi, kwa hiyo usizirudishe. Ni gari lililokunywa kishamba chako, na mimi nimelitapisha kadiri nilivyoweza.

Sijui kuandika barua fupi isiyo na mapambo. Hii ndiyo ya kwanza. Nijibu.

Zenaide


Riacho Fundo, Pernambuco
Tarehe 19 Oktoba, 1980

Mwanangu Zenaide,

Baraka zote nilizochelewesha zikufikie pamoja. Niko mzima, niko nyumbani kwangu, na mlango ni ule ule. Kaa chini sasa uvute pumzi, ndiyo usome mengine.

Kwanza nikueleze kwa nini nilikuwa naandika kama mtu mwenye mfupa kooni. Dukani kiwandani kuna karani anaitwa Lourival. Barua zote za watu wa mashamba zinapita kwake, naye huzifungua kwa mvuke wa birika la kahawa. Zangu alikuwa anampelekea nyapara. Zako, mwanangu, alikuwa anazisoma kwa sauti siku ya mshahara. Usizimie. Nilikuja kugundua nilipoingia dukani nikakuta watu wamekaa juu ya magunia ya unga na mwanamke mmoja anasema, "Rudia pale penye pumzi." Wote waliniangalia. Nilinunua sabuni nikatoka. Ulipoanza kuandikia duka la dawa, watu walinisimamisha njiani wakiniuliza kama umeshaacha kutoka nje na gauni la kulalia.

Kwa hiyo singeweza kukuandikia kwamba Juni walileta trekta. Mahindi yalikuwa na mashuke tayari, yamebaki siku chache. Niliomba wangoje sikukuu. Amâncio akasema miwa haina sikukuu. Wakageuza mahindi, muhogo, maharage, na mfenesi ukaangushwa alasiri ukaangukia banda la bata. Bata walihamia ndani. Walisema nyumba wataizungumzia baada ya mavuno. Ndiyo mwanga wangu wa jikoni.

Na sitakudanganya, nilikasirika. Barua yako ile ya "apande kabisa" ilinipata nimekaa kwenye gogo la mfenesi. Nilikuita majina ambayo padri hayajui. Halafu nikafika pale uliponasa magoti kwenye barafu, nikacheka mpaka nikajikojolea kidogo, na hasira inashindwa kukaa sawasawa kwa mtu aliyelowa.

Sasa sikia shangazi yako, ambaye huwakimbia bata wake mwenyewe. Niliingia kwenye chama cha wafanyakazi wa miwa. Julai na Agosti nilikuwa natembea shamba kwa shamba kuwaita watu mkutanoni, kwa sababu hakuna anayemshuku kikongwe anayechechemea na kikapu. Ndiyo maana sikukuandikia, barua moja tu ikifunguliwa ingewauza watu wote. Pesa za gari lako zilifika. Sikuzirudisha, lakini sikuzila pia: zilinunua unga na maharage ya sufuria la mgomo. Kwa hiyo gari lako, lililokunywa miwa, limewalisha wakata miwa waliokataa kuikata. Waambie majirani zako waondoe viti, limefanya kazi hatimaye.

Tuliweka mapanga na majembe chini mwishoni mwa Septemba. Mimi nilikuwa mtu wa tatu kuweka, na ningekuwa wa kwanza kama si magoti. Kiwanda kilinyamaza. Hujawahi kusikia kimya kile, harufu ya sukari ilipotea hewani na watoto wakauliza kuna nini. Nilikuwa na hofu, sijifanyi. Nilifunga nguo zangu kwenye shuka, nikasema wakija kunitoa wasinikute naokota soksi mbele yao. Nililala na ule mzigo kama zamani nilivyolala na mafenesi.

Hawakuja. Zilikuja karatasi za makubaliano na wenye viwanda, zilizotiwa sahihi mjini, na katika karatasi hizo kuna mstari unaosema kwamba mfanyakazi wa shamba apewe ardhi karibu na nyumba yake, ya kupanda chakula chake. Bwana Genésio alinisomea mara mbili. Nilimwomba ya tatu kwa ajili ya utamu.

Sitakuja kukaa kwenu, mwanangu. Baridi yenu nimeisikia hata ndani ya bahasha. Nitakuja kutembea, kwa basi, mwezi wa joto, nimtazame huyo Baronesa na kumwambia Adelar kwamba baba yake alinunua gari ili mwanawe apate kuchagua, na amechagua, basi avue kofia puani. Cheti chako kigeuze. Nilikilipia mimi, nataka kitazame watu.

Sitasema nimerudishiwa kila kitu. Mfenesi haurudi, na mfenesi mpya utanizika kabla ya kuzaa. Mahindi yamepitwa na mvua. Lakini Jumanne Amâncio alikuja na kamba ile ile, na watu wa chama watatu, na nusu ya shamba zima nyuma yao kushuhudia. Nilimpa mwisho mmoja wa kamba nikashika mwingine mimi mwenyewe, tukaanza kupima, kutoka mlango wa jikoni kwenda mbele, tukikanyaga miche yao michanga ya miwa. Tulipofika kona ya pili alisimama. Akatazama chini, akasafisha koo.

"Mama Otília," akasema, taratibu, wengine wasisikie, "lile gari la binti yako kule kwenye baridi. Hatimaye liliwaka?"

Watu wote walisikia. Walinigeukia wote, hata wale wa chama.

Nikamwambia, "Amâncio, shika kamba inyooke."

Shangazi yako,
Otília